Mashine inayozimia kila Jumapili

"Fundi, nakuomba kitu kimoja tu: usinipigie Windows tena."

Dada huyu alisema hivyo kabla hata hajaitua mashine mezani. Ndani ya miezi minne alishapigiwa Windows mara tatu, yaani kufutiwa na kuwekewa upya, kwa mafundi wawili tofauti, na kila mara mashine ilikuwa nyepesi siku tano, siku sita, mpaka Jumapili ifike.

Jumapili ndiyo siku yake ya kumwaga kadi. Ana studio ndogo Magomeni, anapiga video za harusi na sendofu. Jumamosi kamera mbili zinakesha ukumbini, Jumapili asubuhi anachomeka kadi na kuanza kunakili. Video ya 4K inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde inakula gigabaiti 45 kwa saa moja, kwa hiyo kamera mbili zikifanya kazi saa mbili tu ni gigabaiti 180. Mzigo huo ukianza kuingia, mashine "inazimia". Neno ni lake mwenyewe. Haijizimi, bali inakuwepo na haipo. Ukifungua folda unasubiri dakika nzima, ukiandika jina la faili herufi zinakuja baadaye kwa mkupuo.

Nilimuuliza kama kishale cha mausi kinasogea wakati huo.

"Kinasogea. Ila ukibonyeza hakuna kitu, halafu baadaye vinafunguka vyote kwa pamoja."

Swali hilo huliuliza kila mara, maana jibu lake linapunguza nusu ya safari. Kishale kikirukaruka chenyewe, natazama dereva (programu inayoendesha kifaa), au joto, au kifaa kinachoisumbua prosesa bila kuipa nafasi. Kikitembea vizuri huku mibonyezo inaingia patupu, prosesa ni nzima na kuna mtu anasubiriwa. Walioishi na Windows XP watakumbuka ile aina ya kwanza: diski ya IDE, kebo pana za zamani, ikikosea mara sita, Windows ilikuwa inaishusha kimyakimya kutoka DMA, ambako data inapita bila kuisumbua prosesa, hadi PIO, prosesa inageuka mchukuzi wa kubeba data kwa mikono, na hapo hata kishale kilikuwa kinachechemea. Huyu hakuwa mgonjwa wa aina hiyo.

Mashine yenyewe ni ya mezani, ya mtumba, Core i5 ya kizazi cha 4, RAM gigabaiti 8. Windows imekaa kwenye SSD, hifadhi isiyo na sahani inayozunguka, ya gigabaiti 240, ndiyo C. Video zinawekwa kwenye diski ya sahani ya terabaiti 2, ndiyo D, ambayo aliinunua mpya. Msomaji mwepesi ameshaliona swali: ikiwa Windows yote iko kwenye SSD, kwa nini ikwame eti kwa sababu diski nyingine ina kazi? Mimi siku ile nililiona, nikaliruka. Nililiruka kwa sababu nilipata kosa lingine haraka mno.

Nilifungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski. Mistari ya 05 na C5, inayohesabu sekta zilizokufa na zinazochungulia kaburi, yote ilikuwa sifuri. Lakini C7 ilisoma 584. Programu hiyo huandika namba zake kwa mfumo wa kumi na sita isipoelekezwa vingine, kwa hiyo 584 ile ni 1412 kwa hesabu ya sokoni. C7 ni idadi ya mara ambazo data iliharibika njiani kati ya diski na ubao mama, ikabidi itumwe upya. Kosa la namna hii mara nyingi liko kwenye kebo, si kwenye sahani. Nikaingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, nako nikakuta safu ya matukio namba 129, Windows ikilalamika kwamba imelazimika kuiamsha diski upya baada ya kuitumia ombi lisilojibiwa. Nikafungua boksi. Kebo ya SATA, inayounganisha diski na ubao mama, ilikuwa imekunjwa na kubanwa chini ya pawasaplai, na kichwa chake hakina ile klipu ya chuma inayokishika kisichomoke. Nilifurahi kama aliyeokota.

Nikabadilisha kebo, nikanakili filamu ya gigabaiti 3 kwenda D, ikapita kama maji. C7 ikabaki palepale 584, nayo hairudi nyuma hata ukiitibu diski. Ukishaitibu, dalili ya kupona ni kwamba haipandi tena. Nikampigia aje kuchukua, akalipa, akaondoka.

Jumapili iliyofuata alinitumia video ya WhatsApp bila neno hata moja. Ni Task Manager tu, imepigwa kwa simu. Diski D: kazi asilimia 100. Kasi ya kuandika: megabaiti 1.1 kwa sekunde. Muda wa wastani wa kujibu: milisekunde 4,210.

Watu wengi hukwama kwenye ile asilimia 100, wakatafuta virusi. Asilimia ile maana yake ni moja tu, kwamba katika muda uliopimwa hakuna nafasi ambayo diski haikuwa na ombi mkononi. Haisemi kama ilikuwa inafanya kazi nyingi au inahangaika na moja. Namba ya kusoma ni ya tatu. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo kwa wastani inasubiri nusu yake, kama 4.2, ili mahali panapotakiwa pafike chini ya kichwa cha kusomea. Ongeza milisekunde 8 au 9 za kusogeza kichwa chenyewe. Ombi moja linagharimu kama milisekunde 13, yaani maombi 75 hivi kwa sekunde yakiwa yametawanyika. Kila ombi likiwa la kilobaiti 4, diski nzima kabisa, mpya kabisa, inatoa kilobaiti 300 kwa sekunde huku ikionyesha asilimia 100. Hapo hakuna ugonjwa, ni umbile lake.

Lakini milisekunde 4,210 si umbile. Hata foleni ikijaa maombi 32, ambayo ndiyo mengi kabisa SATA inaweza kuyapokea kwa wakati mmoja, 32 mara 13 ni kama milisekunde 420. Hii ilikuwa mara kumi ya hapo. Na C7 alipoipiga picha ilikuwa bado 584. Kebo ilikuwa kosa la kweli, nilikuwa sikukosea kuibadilisha, ila halikuwa kosa lililomleta kwangu.

Nikamwambia alete mashine pamoja na kadi zake mbili, akiwa hajazifuta. Jaribio langu la kwanza lilikuwa la mtu anayeonja mchuzi kwa ncha ya kijiko: gigabaiti 3, diski ikiwa imepumzika usiku kucha. Safari hii nilitaka Jumapili kamili pale mezani kwangu.

Kadi ya kwanza, gigabaiti 64, ilianza kwa megabaiti 85 kwa sekunde, ambayo ndiyo kasi ya kadi yenyewe. Kwa kama gigabaiti 25 za mwanzo grafu ilikuwa imenyooka. Kisha ikaporomoka hadi 12, ikapanda 60, ikaanguka sifuri na kukaa sifuri sekunde nane, ikarudi 9. Ikaendelea kupanda na kushuka hivyo mpaka mwisho. Kazi ambayo kwa kasi ya kadi ilipaswa kuchukua dakika 13 ikachukua saa moja na robo. Nikajaribu kufungua Chrome katikati, nikapata kuzimia kwa macho yangu.

Nilipomaliza niliacha kila kitu, sikugusa mausi. Taa ya diski kwenye boksi ikazima, kwa maana kompyuta haiombi chochote. Nikaweka kiganja juu ya diski. Ilikuwa inafanya kazi. Kwa ndani vichwa vinakwenda na kurudi, krr, krr, bila kuamrishwa na yeyote, na ikaendelea hivyo zaidi ya nusu saa. Ilipotulia nilinakili tena gigabaiti 10, zikapita kwa kasi ya mwanzo.

Kuanzia hapo sikuwa na shaka sana. Nikarudi CrystalDiskInfo kwenye mstari wa uwezo wa kifaa na kukuta neno TRIM limewaka. TRIM ni amri ya kuiambia hifadhi kwamba faili fulani imefutwa, pale pako wazi. SSD inaihitaji, diski ya kawaida ya sahani haina haja nayo. Diski ya sahani inayojinadi kwa TRIM karibu hakika ni SMR.

Mimi huziita diski za makuti, na wateja wananielewa mara moja. Kichwa cha kuandikia ni kipana kuliko cha kusomea. Katika diski ya kawaida kila mstari wa data una upana wake na nafasi yake. Katika SMR, ili zienee data nyingi zaidi kwenye sahani ileile, mstari mpya unaandikwa ukiulalia kidogo ule wa jirani, kama fundi wa paa anavyolaza kuti juu ya kuti. Ukiwa unaezeka kutoka chini kwenda juu, kazi inakwenda vizuri tu. Shida inakuja ukitaka kubadilisha kuti moja la katikati: lazima unyanyue yote yaliyolilalia, uliweke jipya, uyarudishe yote. Kwenye diski maana yake ni kusoma makumi ya megabaiti, kubadilisha kilobaiti chache ndani yake, na kuyaandika upya yote. Ili mtumiaji asiyaone hayo, mtengenezaji hutenga sehemu yenye nafasi ya kawaida kama baraza: mzigo unatuliwa pale kwanza kwa kasi, kisha diski ikipata utulivu inauingiza ndani na kuupanga. Gigabaiti 25 zangu zilizonyooka zilikuwa baraza. Baraza likijaa huku wageni bado wanamiminika, diski inapaswa kupokea na kupanga kwa wakati mmoja, na hapo ndipo zinapotoka sekunde nne za kusubiri.

Teknolojia hii iliingia sokoni mwaka 2013, na kwa kazi ya kutunza vitu visivyoguswaguswa haina ubaya. Ubaya ni kuiuza bila kusema. Mwaka 2020 yalipoibuka makelele, hasa juu ya diski za kuhifadhia za seva ndogo za nyumbani, Western Digital, Seagate na Toshiba zote zikajikuta zinalazimika kutaja wazi ni modeli zipi za SMR. Diski ya dada huyu siitaji kampuni yake. Ninachoweza kusema ni kwamba juu ya lebo hakukuwa na herufi hata moja ya kumwonya, na muuzaji wa duka naye hakuwa na pa kujulia.

Hilo pia lilinifumbulia ule muujiza wa Windows mpya. Mashine ikikaa kwa fundi siku mbili imewashwa, haina mzigo, diski inapata muda wa kusafisha baraza lake lote. Mteja akiirudisha nyumbani ni nyepesi. Katikati ya wiki anahariri tu, anasoma zaidi ya anavyoandika. Jumapili baraza linajaa. Fundi anasema virusi wamerudi.

Bado lile swali nililoliruka. D ikiwa taabani, iwe taabani peke yake. Chrome iko C, Windows iko C, kwa nini vizimie?

Nikaanza kunakili kadi ya pili, nikafungua Resource Monitor kwenye ukurasa wa diski, nikapanga orodha kwa muda wa kujibu. Juu kabisa, juu hata ya faili za video zenyewe, ilikuwa D:\pagefile.sys. Milisekunde 3,900.

Nilicheka kwa sauti, mpaka jirani yangu wa kuchaji simu akaniuliza kuna nini.

Pagefile ni ghala la dharura la RAM. RAM ikibana, Windows inatoa kurasa zisizotumika sana na kuziweka kwenye faili hiyo, na programu ikizihitaji inazirudisha. Kwa gigabaiti 8, programu ya kuhariri video ikiwa wazi na Chrome yenye vichupo kumi na tano, ghala hilo lilikuwa linafunguliwa kila sekunde. Na liliwekwa kwenye diski ya makuti. Kila Chrome ilipotaka kurasa zake kidogo tu, kilobaiti 4 hapa, 16 pale, ilipanga foleni nyuma ya mzigo wa harusi. Ni kama kioski cha maji cha mtaani: mbele yako kuna kijana wa mkokoteni mwenye madumu ishirini, nawe umetumwa kikombe kimoja. Kuwa na haja ndogo hakukusogezi mbele.

Haikujipeleka huko yenyewe. Windows ikiachwa kama ilivyo huiweka pagefile kwenye C. Mafundi wote wawili waliotangulia waliihamisha kwa mkono, kila walipopiga Windows, kwa nia njema: eti kuandikaandika kutaimaliza SSD. Ushauri huo ulizagaa tangu SSD zilipokuwa changa na ghali, na bado unatembea. Microsoft walilipima jambo hili mwaka 2009 walipokuwa wanaandaa Windows 7. Walikuta pagefile inasomwa kama mara 40 kwa kila mara moja inapoandikwa, na asilimia 67 ya usomaji huo ni vipande visivyozidi kilobaiti 4. Usomaji wa vipande vidogo vilivyotawanyika ndiyo kazi ambayo SSD inaifanya vizuri kuliko kitu chochote, na ndiyo kazi inayoiua diski ya sahani. Wao wenyewe wakasema ni faili chache zinazofaa kukaa kwenye SSD kuliko hiyo. Kwa hiyo wenzangu walikuwa wameilinda SSD isichakae kwa kumnyima mwenye mali kile alichoinunulia.

Safari hii sikubadilisha vitu vitatu kwa mkupuo. Nilirudisha pagefile C, nikawasha upya, nikaipa diski saa nzima isafishe baraza, kisha nikanakili kadi ileile ya kwanza, diski ileile, kebo ileile. Grafu bado ilianguka baada ya mwanzo mzuri, maana makuti ni makuti. Lakini ilianguka kidogo kuliko mwanzo, kwa sababu ile mivutano ya kuandika na kusoma vipande vya pagefile katikati ya mzigo ilikuwa haipo tena: dakika 31 badala ya saa moja na robo. Na kubwa zaidi, nilipokuwa nangoja nilifungua Chrome, nikafungua picha za C, nikaandika risiti ya mteja mwingine. Hakuna kilichozimia. D ilikuwa imeelemewa peke yake, kama inavyostahili.

Kisha nikazima uorodheshaji wa Windows Search kwa D, ambao ulikuwa unakimbilia kila faili mpya iliyotua. Ulisaidia kidogo, kama dakika mbili hivi. RAM nyingine ya gigabaiti 8, DDR3 ya mtumba, iliingia siku ya tatu; Resource Monitor ikaonyesha zile safari za kwenda ghalani zimepungua hadi karibu na sifuri wakati wa kazi ya kawaida.

Kilichobaki ni mwenendo wake. Alikuwa na visomea kadi viwili na alikuwa anazinakili kadi zote mbili kwa pamoja, akiamini anaokoa muda. Kwa diski ya sahani, kunakili mara mbili kwa pamoja ni kumfanya mtu mmoja abebe mizigo ya nyumba mbili, akiacha mmoja njiani kila hatua kumi. Kwa SMR ni mbaya zaidi. Nikamwonyesha: kadi moja kwanza, iende C ambako kuna gigabaiti 130 wazi, aanze kuhariri kutoka pale. Usiku akifunga studio aamuru kila kitu kihamie D, kwa mkupuo mmoja, na aiache mashine imewashwa mpaka asubuhi. Mzigo ukiingia mfululizo bila kuchanganywa na kingine, diski inaezeka makuti yake kwa mpangilio, na ikimaliza ina usiku mzima wa kupanga.

"Kwa hiyo diski ninunue nyingine au ninaachana nayo hii?"

Nilimwambia ukweli: ya kuhariria kazi za sasa iwe SSD ya pili, ya terabaiti 1 ikiwezekana, na hii ibaki kabati la harusi zilizokwisha. Akasema hilo tusubiri Idi ipite, harusi zianze tena, pesa ya amana iingie. Ni sawa. Mashine haizimii tena hata bila hiyo.

Pesa ya kebo nilimrudishia nusu. Hakuniomba, ila ile safari ya kwanza nilikuwa nimempa mashine niliyoipima kwa filamu moja.

Kabla ya kufunga boksi nilikata kipande cha selotepu ya karatasi nikakibandika kwa ndani, juu ya ubavu wa diski, mahali ambapo fundi ajaye hawezi kufungua bila kukiona. Nikaandika tarehe, na chini yake: *C7 = 584, kebo mpya, ikipanda tazama kebo. D ni SMR. Pagefile iko C, usiihamishe.*